Mungu Kapanga, Mimi Nimelipa

Songea hakuna mtu mwenye makosa. Anzia Lizaboni, pita Majengo, panda Bombambili, malizia Msamala, uliza nyumba kwa nyumba. Utawapata waliochelewa, waliovunja, waliosahau, na waliokopa wakanuna siku ya kudaiwa. Mkosaji hutampata. Kila kilichoharibika mjini hapa kina mwenyewe, na mwenyewe yuko mbinguni. Bodaboda akikubwaga mtaroni, anakung'uta suruali yake kwanza, halafu anakwambia, "Mungu ndiye aliyepanga, mwalimu, shukuru hujavunjika." Mama wa genge akikupimia nyanya nzima juu na zilizooza chini, hiyo ndiyo riziki uliyoandikiwa. Mwekahazina wa kikoba akiyeyuka na sanduku, wanakikundi wanashikana mikono, wanaomba, kisha wanatangaza kwamba Mungu hakupenda kikoba kile kiendelee.

Mimi ni Mkristo. Nimebatizwa, nimepata kipaimara, ndoa yangu ni ya altareni, na mchango wa jumuiya ndogondogo sidaiwi hata shilingi. Nakubali kwamba Mungu ana mipango. Swali langu ni moja tu: kwa nini mipango ya hasara lazima ipitie mfukoni kwangu?

Chukua mfano wa geti. Nilistaafu ualimu, nikasema kiinua mgongo kisiishe chote kwenye michango ya harusi, angalau nyumba ipate geti la chuma. Nikamtafuta fundi wa kuchomelea kule Mfaranyaki, tukaelewana bei, nikatoa nusu. Siku ya kufunga geti nilikuwa msibani. Nakuta kazi imekwisha, rangi ya bluu inang'aa, na komeo liko upande wa nje.

"Fundi, komeo liko nje."

Akalitazama. Akalifungua, akalifunga, likalia vizuri kabisa.

"Limekaa, mwalimu. Halichezi."

"Limekaa nje. Mwizi akija atanifungia ndani, aibe kwa nafasi."

Akavua miwani yake nyeusi, akajifuta jasho kwa kiwiko, akatazama upande wa milima ya Matogoro kama dakika nzima, halafu akatoa hukumu: "Mwalimu, hakuna kinachotokea bila Mungu kujua. Huenda kuna jambo amekuepusha nalo."

Jambo lenyewe sikuambiwa. Ila nusu ya pili ya hela yake fundi aliikumbuka mpaka senti. Hakusema Mungu amepanga asilipwe. Komeo ni la Mungu, jasho ni la fundi.

Hapo ndipo nilipoanza kuwachunguza watu wa mji huu, na kwa kuwa nimefundisha miaka mingi nilianzia kwenye mitihani. Matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka mwezi Januari, mtaa wetu unageuka chuo cha teolojia. Mzazi ambaye kijana wake kapata daraja la kwanza atakusimamisha juani akueleze: mtoto alikuwa anakesha, yeye mzazi aliuza ng'ombe kulipia tuisheni, na akili zenyewe ni za ukoo, hata babu yake alikuwa karani. Mungu anashukuriwa mwishoni, haraka haraka, kabla hamjaachana. Hatua chache mbele unakutana na mzazi ambaye wake kapata ziro. Huyu hataji ng'ombe wala ukoo. "Tumemwachia Mungu, mwalimu. Kila mtu na fungu lake." Kijana mwenyewe mwaka mzima nilikuwa namwona kwenye kibanda cha mashine za bonanza, kavaa sare, anasukumia sarafu za nauli. Mungu kahusikaje hapo? Labda kwa kumpa kijana subira, maana ile mashine kaishindania tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho.

Malalamiko haya niliyapeleka kwa baba mdogo. Huyu ni katekista wa zamani, na rafu yake imejaa vitabu vya Wabenediktini wa Peramiho mpaka ubao umepinda katikati. Nikamwamkia, nikaketi, nikamwaga yote. Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Akasema huo ugomvi wangu ni mdogo, wenzetu wamegombania jambo hilo kwa miaka zaidi ya 1,600 na wengine wamepoteza kazi.

Akanianzishia na Mtakatifu Agustino. Mwafrika huyu, akasisitiza, wa Tagaste, Algeria ya leo, aliyezaliwa mwaka 354 akaja kuwa Askofu wa Hipo. Agustino alifundisha kwamba binadamu tangu Adamu ameharibika, hana ubavu wa kujiokoa, na hata ile hamu ya kutubu ni Mungu anayeitia moyoni. Wakati huohuo kulikuwa na mtawa mmoja, Pelagio, mtu wa Visiwa vya Uingereza, yeye akifundisha kwamba Mungu ametupa hiari, kwa hiyo mtu akiamua kuwa mwema anaweza, aache visingizio. Maaskofu wa Afrika walikutana Karthago mwaka 418 wakayapiga chini mafundisho ya Pelagio.

"Subiri, baba mdogo," nikamkatiza. "Mzungu ndiye aliyesema tujitegemee, na Mwafrika ndiye aliyesema bila msaada hatuwezi?"

"Ndivyo."

"Na sisi tulifundishwa kwamba kujitegemea kumeanzia kwenye Azimio la Arusha!"

Akaniambia niache siasa, nisikilize. Akaruka miaka zaidi ya elfu moja. Mwaka 1524 msomi Erasmo akaandika kitabu kutetea hiari ya binadamu; mwaka uliofuata Martin Luther akamjibu kwa kitabu kinene zaidi kwamba hiari hiyo imefungwa kamba. Akaja John Calvin, Mfaransa aliyehamia Geneva, akalisema bila kupepesa macho: kabla ulimwengu haujaumbwa, Mungu alishaamua nani ataokolewa na nani atapotea. Waholanzi wakaja kugawanyika vibaya. Wafuasi wa mwalimu mmoja, Jacobus Arminius, walisema mtu anaweza kuipokea neema au kuikataa. Ikaitishwa sinodi kule Dordrecht, mwaka 1618 hadi 1619, wakashindwa, na wachungaji wapatao 200 wakaondolewa kazini. Waliamini mtu ana hiari. Hiari ya kubaki kazini hawakupewa.

Mimi nikajisifu kwamba sisi Wakatoliki tulimaliza mambo haya mapema. Baba mdogo akanitazama kwa huruma. Kumbe ndani ya nyumba yetu nako kulikuwa kunafuka moshi. Mjesuiti Luis de Molina alichapisha kitabu mwaka 1588 akisema Mungu anajua kila mtu angefanya nini katika hali gani, na neema inafanya kazi pamoja na hiari hiyo. Wadominikani, wakiongozwa na Domingo Báñez, wakaja juu: hiyo inamfanya Mungu amsubiri binadamu! Wakaitana majina mabaya mpaka Roma ikaunda tume mwaka 1598. Tume ikakaa, ikasikiliza, mapapa wakafa, wengine wakachaguliwa. Mwaka 1607 Papa Paulo wa Tano akawaambia wote warudi makwao, pasiwe na wa kumwita mwenzake mzushi, na uamuzi utatolewa wakati utakapofaa.

"Ukatolewa lini?" nikauliza.

"Bado."

Zaidi ya miaka 400! Na mimi nilikuwa namlaumu karani mmoja wa ofisi fulani aliyeniambia faili langu la kiwanja liko mezani kwa mkubwa, nipite wiki ijayo.

Lakini baba mdogo hakuniacha hewani. Akamimina chai, akaniuliza, "Shemeji yako atakuja kukukopa lini?"

"Mwisho wa mwezi, pensheni ikiingia."

"Una uhakika?"

"Kama ninavyokuona."

"Kujua kwako ndiko kunakomvuta aje?"

"Kinachomvuta ni kukosa haya."

"Basi. Mungu naye anajua kila utakalofanya, na bado ni wewe unayelifanya."

Nikakaa kimya. Ilikuwa mara ya kwanza shemeji kunifaa kwa lolote. Hoja ilinikaa vizuri mpaka nilipofika nusu ya kikombe, likaniingia wazo la kishetani.

"Lakini baba mdogo, mimi shemeji namjua tu. Sikumuumba."

Akaweka kikombe chini. Akatazama dirishani. Akaniambia chai itapoa.

Sasa hao wote, Agustino mpaka Calvin, walikuwa na msimamo. Calvin akisema imepangwa, basi imepangwa yote, ya kupata na ya kukosa, na hata akifanikiwa hajisifu. Shida ya watu wa kwetu ni kwamba tumechukua madhehebu mawili tukayashona vazi moja. Kwenye hasara sisi ni Wakalvini wa Geneva, kwenye faida sote ni Wapelagi. Nyumba ikijengwa, "nimepambana." Nyumba ikibomoka kwa sababu saruji ilikuwa ya kunusa, "Mungu kaamua." Padre akihubiri neema, tunaitikia amina, tukitoka nje tunaulizana nani kakaa kiti cha mbele bila kutoa zaka.

Na wapo walioongeza dhehebu la tatu, ambalo hata pale Dordrecht lingewashinda. Jirani yangu ukuta kwa ukuta ni mlokole wa kanisa la mkesha. Ananiombea kwa sauti, usiku, kwa jina, kwa kipaza sauti. Yeye anaamini kila mtu anazaliwa na nyota yake, yaani hatima aliyopangiwa na Mungu kabla hajaumbwa tumboni. Mpaka hapo ni Calvin mtupu. Ila nyota hiyo, anasema, inaweza kuibiwa. Na mwizi ni nani? Ni shangazi. Sikiliza mahubiri ya usiku wiki moja tu, utahurumia mashangazi wa nchi hii. Shangazi ndiye aliyefunga biashara, ndiye aliyezuia uchumba, ndiye aliyekalia cheti cha kidato cha sita.

Nikamuuliza kwa upole, maana ni mtu mwema, akipika ananiletea. "Dada, unasema Mwenyezi Mungu, aliyeumba mbingu na nchi, kaandika nitajirike?"

"Amina, mwalimu."

"Na shangazi yangu wa Mbinga, aliyeishia darasa la nne na miguu inamuuma, kapanda huko juu kafuta?"

"Ndiyo hivyo. Lazima uikomboe."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa sadaka."

Ah, hapo nikaelewa. Kilichoandikwa kabla ya misingi ya ulimwengu kinafutwa na shangazi bure, ila kurudishwa kinalipiwa. Kuna chupa ndogo ya maji ya upako, kuna mafuta, kuna kitambaa. Mtumishi mmoja aliyepita hapa na hema lake mwanzoni mwa mwaka aliwatangazia watu wote waliokuwamo kwamba huu ni mwaka wao. Wote! Mwuza mahindi na mnunuzi wake, mwenye nyumba na mpangaji anayemkimbia. Mahindi yakipanda bei mwaka utakuwa wa mmoja, yakishuka utakuwa wa mwingine. Mtumishi hakutaka kuingia kwenye hesabu ndogo ndogo, akakunja hema akaelekea Tunduru.

Na maji ya chupa yakikataa kufanya kazi? Imani yako ilikuwa ndogo. Jibu hilo Songea si geni. Mwaka 1905 maji mengine yalifika Ungoni, yameletwa na Omari Kinjala kutoka pande za Umatumbi, ambako Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe ndiye aliyekuwa amewaaminisha watu kwamba risasi ya Mjerumani itageuka maji. Yalikuwa na vigezo na masharti kuzingatiwa: usilale na mwanamke, usipore mali vitani. Risasi ilipompata mtu, jibu lilikuwa tayari, kavunja mwiko. Unaona? Ukipona ni dawa, ukianguka ni wewe. Hata mababu walijua kuweka kifungu kidogo chini ya mkataba. Ila nawatetea kwa jambo moja: wao waliyanywa maji wakaenda kukabili bunduki ya rashasha. Sisi tunayanunua tukalale tusubiri gari.

Kwa kuwa nimelitaja hilo, niseme jambo ambalo huwa nalifikiria kila tarehe 27 Februari, tunapokwenda kwenye Makumbusho ya Majimaji pale Mahenge. Siku kama hiyo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni kwa makumi, akiwamo Nkosi Mputa Gama, wakawafukia kaburi moja. Nkosi mwingine, Chabruma, aliamua kuvuka kwenda Msumbiji. Miongoni mwa waliosubiri kitanzi, wako waliokubali ubatizo wa wamisionari na wako waliokataa. Na Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu umebeba jina lake, wazee wanasimulia kwamba Mjerumani alitaka kumwacha hai, yeye akasema hapana, kama mmewanyonga wenzangu na mimi ninyongeni. Wakamnyonga siku chache baadaye. Vita moja, kesi moja, mnyongaji mmoja, na kila mtu kaondoka kwa njia aliyoichagua. Mtu akinambia binadamu hana hiari, namwambia apande bodaboda mpaka Mahenge, nauli nitamlipia. Ya kwenda tu.

Tarehe 1 Novemba 2023 alifika palepale Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier. Akakutana na wajukuu wa Songea Mbano, akasimama mbele ya watu akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wazee wetu. Mimi nilitega sikio nisikie kama atasema ulikuwa mpango wa Mungu. Hakusema. Alisema Wajerumani ndio waliofanya, na kwamba anaona aibu. Mkuu wa nchi nzima, kwa makosa ya watu waliokufa kabla hajazaliwa, kaweza. Fundi wangu wa geti, kwa komeo alilolichomelea mwenyewe wiki ileile, kashindwa.

Kuna mahali huwa sicheki. Msiba ukitokea, mama wa marehemu akisema kazi ya Mungu haina makosa, mimi nakaa kimya, natoa rambirambi, naenda kusaidia kupasua kuni. Neno lile ndilo linalomsimamisha mama yule, na asiyelijua atulizwe na nani. Ninayegombana naye ni dereva. Barabara ya Songea kwenda Makambako ina kona za Lukumburu ambazo hata konda huacha kutafuna karanga akizifikia. Basi linaondoka stendi kwa sala, mtumishi anaomba damu ya Yesu ifunike matairi, abiria wote amina. Dakika chache baadaye dereva anayapita malori kwenye kona, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye simu. Kioo cha nyuma kimeandikwa maneno ya kumkabidhi Mungu safari. Kama Mungu ndiye anayeendesha, mbona trafiki akisimamisha basi anaomba leseni ya huyu?

Vijana wa pikipiki nao hivyohivyo. Mtu kanywa komoni tangu mchana, kofia ngumu kaitundika kwenye usukani isimharibie nywele, taa ya mbele haiwaki, kakutana na tela la miwa au la mbao. Kwenye mazishi tunaambiwa siku zake zilifika. Zilifika? Siku zake zilikuwa zinakuja kwa miguu, taratibu, pengine ziko bado Namtumbo. Ni yeye aliyezifuata kwa mwendo kasi.

Sasa nirudi kwa shemeji, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Msimu uliopita shemeji alikuja mwanzoni mwa mvua, uso wa unyenyekevu, akaniamkia mara mbili. Ana ekari mbili kule Mpitimbi. Akataka hela ya mbolea, DAP ya kupandia na UREA ya kukuzia, atalipa akivuna. Nikampa. Siku chache baadaye napita mtaani kwake, nasikia kwaya inaimba kwa sauti ya kutetemesha madirisha. Ndani ya sebule kuna spika mpya, kubwa, yenye taa za kuwakawaka kijani na nyekundu. Nyimbo zote zilikuwa za Mungu anayejibu maombi. Kwa shemeji alikuwa amejibu. Kwa hela yangu.

Mwezi Machi nikaenda mwenyewe kuliona shamba. Mahindi yalikuwa yamenifika kiunoni, membamba, majani ya chini yamekuwa ya njano kuanzia nchani, mengine yamepiga rangi ya zambarau. Nikamenya hindi moja: punje zilikuwa zimepanda kwa kurukaruka, kama meno ya babu. Nikavuka kijia, hatua tatu. Ng'ambo ni shamba la mama mmoja mjane. Kijani kibichi cha kuumiza macho, mabua manene, mengine yamebeba mawili mawili, huoni mtu akiingia ndani.

"Shikamoo mwalimu," sauti ikatoka humohumo kwenye mahindi.

"Marahaba, mama. Hongera. Mungu kakujalia."

Akatoka na jembe begani. "Kanijalia mvua, na yeye kamjalia ileile," akasema, akinyoosha kidole upande wa shamba la shemeji. "Mvua naiomba kanisani. Mbolea siiombi, naenda kuinunua."

Nilitamani baba mdogo awepo, aipeleke ile sentensi Roma, tume ifungwe.

Mavuno yalipofika, mama yule alianika mahindi yake juu ya turubai, akayapepeta, akayapeleka kituo cha ununuzi. Pale wana kile kidude cha kupima unyevu, kinachotaka usizidi asilimia 13.5. Kidude hakina dhehebu. Mahindi mabichi kinayarudisha hata kama mwenyewe ni mwenyekiti wa parokia. Yake yakapita, akalipwa. Shemeji alivuna magunia ya kutosha kulisha kuku, tena kuku wenye subira. Akaja kwangu jioni, akakaa kwenye benchi, akashusha pumzi ndefu.

"Shemeji, mwaka huu Mungu hakupenda."

"Na deni langu?"

"Ndiyo nasema. Hakupenda."

"Hakupenda uvune, au hakupenda nilipwe?"

Akatafakari kwa uaminifu kabisa, nikaona anapima. "Vyote," akasema. Kisha akaongeza kwamba hata Farao alifanywa moyo mgumu na Mungu mwenyewe, imo kwenye Kutoka, kwa hiyo tusiwahukumu watu. Nikamuuliza Farao naye alinunua spika? Dada yake, ambaye ndiye mke wangu, akaniambia nimwache mgeni ale kwanza. Akala. Chakula hakukiita majaliwa. Alisema dada yake anajua kupika.

Nimefikia uamuzi, na sisubiri wakati utakapofaa kama Papa Paulo. Anayetaka kuamini kwamba kila kitu kimepangwa, ruksa, ila aamini na siku za kudaiwa. Anayetaka hiari, aichukue pamoja na risiti zake. Fundi geti, njoo ugeuze komeo, na safari hii hela ni baada ya kazi. Shemeji, najua gazeti hili unalisoma kwa jirani kabla hajalifungia maandazi. Mvua za kwanza ni Novemba. Mbolea ya ruzuku tangu msimu wa 2022/23 inatolewa kwa mkulima aliyejisajili, daftari liko kwa mtendaji wa kijiji, na jina unalipeleka mwenyewe. Mimi msimu huu sikopeshi.